Kiu ya Mgonjwa wa Akili Isisingiziwe Dawa Kabla ya Kupima Sukari

Mgonjwa anaamka mara nne usiku kwenda kukojoa. Asubuhi jagi lililo kando ya kitanda ni tupu. Mchana analala, na akiamka analalamika macho yana ukungu. Nyumbani wanasema, "Ni zile dawa zake." Kliniki nako huenda wakajibu vivyo hivyo, maana lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka, kweli huleta kiu na mkojo mwingi, dawa kadhaa za skizofrenia (ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti au aamini yasiyokuwepo) huleta usingizi na mdomo mkavu, na wapo wanaokunywa maji kupita kiasi kwa sababu ya ugonjwa wenyewe. Kila dalili ya kisukari imeshapata kisingizio, na sukari haipimwi.

Mtu mwenye skizofrenia au ugonjwa wa baipola (hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) ana uwezekano wa kupata kisukari cha aina ya pili takriban mara mbili hata tatu kuliko watu wengine. Kati ya dawa za magonjwa haya, klozapini na olanzapini ndizo zinazoongoza kwa kupandisha uzito na sukari, kwetapini na risperidoni zinafuata, aripiprazoli ina nafuu. Sigara na kukaa kutwa bila kutembea huzidisha.

Kwa hiyo msingoje dalili, fuateni kalenda. Kabla ya kidonge cha kwanza, au wiki ileile kama hali ni ya dharura, pimeni uzito, kiuno, shinikizo la damu, sukari na mafuta ya damu. Uzito upimwe tena wiki ya 4, ya 8 na ya 12, kisha kila miezi mitatu. Sukari irudiwe wiki ya 12, halafu angalau kila mwaka. Uzito ukipanda kwa asilimia 5, yaani kilo 3 kwa mtu wa kilo 60, mwambieni daktari siku hizohizo. Kilo 3 ni rahisi kuzishughulikia kuliko 15.

Kipimo cha kabla ya kula kinataka saa 8 bila chakula, maji tu. Hapa ndipo wengi wanapokosea: mgonjwa anaamka na njaa inayoletwa na olanzapini usiku wa manane, anakula, na asubuhi hakumbuki. Majibu ya mmol 7.0 kwa lita (miligramu 126 kwa desilita) au zaidi yanaashiria kisukari, na kama hana dalili, kipimo kirudiwe siku nyingine. Asiyeweza kukaa na njaa apimwe HbA1c, kipimo cha damu cha sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu, ambacho hakihitaji kufunga; asilimia 6.5 na kuendelea ni kisukari. Lakini kipimo hiki huonyesha wastani wa miezi miwili mitatu iliyopita, kwa hiyo sukari iliyopanda ghafla baada ya kuanza dawa kinaweza kuikosa. Pia hakiaminiki kwa mwenye selimundu au aliyeongezewa damu karibuni.

La kutisha zaidi ni hili. Sukari ikipanda sana mtu huchanganyikiwa, na nyumbani watu husema ugonjwa umerudi. Mtazameni vizuri: anatapika, tumbo linamuuma, anapumua haraka na kwa kina, pumzi ina harufu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Huyo anahitaji hospitali sasa hivi, na apimwe sukari kwa tone la damu la kidoleni kwanza, kabla ya sindano yoyote ya kumtuliza. Kwa klozapini na olanzapini hali hii huweza kutokea ndani ya miezi michache ya mwanzo, hata kwa mtu ambaye hajanenepa.

Sukari ikionekana imepanda, tafadhali msimwachishe dawa wenyewe. Aliyekosa klozapini kwa zaidi ya saa 48 hawezi kurudia dozi yake ya kawaida. Huanzishwa upya kwa dozi ndogo chini ya uangalizi. Daktari anaweza kubadili dawa taratibu au kuongeza metfomini, dawa ya kushusha sukari. Mgonjwa akiamua kuacha sigara, jambo jema kabisa, daktari ajulishwe mapema, kwa kuwa kiwango cha klozapini na olanzapini mwilini hupanda moshi unapokoma.

Kliniki ya akili hudhani kliniki ya magonjwa ya kawaida imepima, na hiyo nayo hudhani kliniki ya akili imepima. Swali la kuuliza kila mara, bila kuona haya: "Sukari yake ilipimwa lini, na ilikuwa ngapi?" Namba na tarehe ziandikwe kwenye daftari lake, ukurasa uleule wenye majina ya dawa na dozi.