Mkuu, usiweke menu-complete kwenye Tab

Mkuu wa Moshi, umesema unataka Tab ya bash (programu inayopokea amri zako kwenye terminali) isijali herufi kubwa na ndogo, na majina ya faili yapokezane kila ukibonyeza. Tena tayari kuna mtu amekupa mstari wa kunakili: `TAB: menu-complete`, yaani kila Tab iandike jina zima, moja baada ya jingine. Ufute sasa hivi.

Chukua hiyo folda yako ya kahawa: kahawa_Machame_2022.csv, ya 2023 na ya 2024. Ukiandika `rm kah` (rm ni amri ya kufuta faili) ukabonyeza Tab ya kawaida, bash inajaza mpaka `kahawa_Machame_202` halafu inasimama, maana kuanzia hapo majina yanaachana. Mkono ukiteleza ukapiga Enter, unaambiwa hakuna faili kama hiyo, basi. Ukiweka menu-complete, Tab ya kwanza tu inakuandikia kahawa_Machame_2022.csv nzima, kwa kuwa ndiyo inayoongoza orodha. Jina limekamilika, jicho linaliamini, unapiga Enter. Imekwenda! rm haina kapu la takataka. mv, amri ya kuhamisha faili au kuibadilisha jina, nayo ni hivyohivyo: ukiipa jina la faili iliyopo kama jina jipya, inaifunika kimyakimya. Inaniudhi sana watu wanavyosambaza mstari huu kwenye makundi ya WhatsApp hapa Arusha kama pambo, bila neno hata moja kuhusu rm.

Tab lazima isimame pale majina yanapoachana. Hapo usilegeze. Kupokezana kupeleke kwenye Shift+Tab. Ndani ya `~/.inputrc`, faili yako ya mipangilio ya vitufe vya bash, weka haya (`"\e[Z"` ndiyo Shift+Tab):

`$include /etc/inputrc`
`set completion-ignore-case on`
`set show-all-if-ambiguous on`
`"\e[Z": menu-complete`

Mstari wa kwanza usiuruke. Ukishakuwa na faili yako, ile ya mfumo mzima iliyo /etc haisomwi tena mpaka uiite. Na hizo `set` usizitie kwenye .bashrc, faili ya amri ambazo bash huendesha ikifunguka: bash haitalalamika, ila itayageuza maneno yako kuwa `$1` na `$2`, na Tab itabaki vilevile.

Ukimaliza, andika `bind -f ~/.inputrc` ili faili isomwe, kisha `bind -q menu-complete` kuuliza iko kwenye kitufe gani. Ikikutajia `"\C-i"`, hiyo ndiyo Tab, bado imeshikwa. Funga terminali ufungue nyingine, kwa sababu kufuta mstari kwenye faili hakuondoi kilichokwisha kusomwa.