Jibu: Shangazi anaishi peke yake Kisauni, Mombasa, nimnunulie nini kabla ya masika?

Ndugu yangu, umetaja unga, mchele na maharagwe. Sawa, lakini chakula ndicho chepesi kuliko vyote, duka la mtaani halifungwi kwa mvua. Anza na dawa. Umesema ana presha, basi Aprili na Mei, mvua inapokolea huku kwetu, asibaki na dawa za chini ya wiki mbili. Zitie kwenye mkebe wa plastiki unaobana vizuri, pamoja na kitambulisho na kadi ya kliniki, uuweke juu ya kabati. Chini ya kitanda ndipo maji yanapofika kwanza.

Maji ya kunywa mwekee mapema. Vyoo vya shimo vikifurika, kisima hakiaminiki tena hata maji yakionekana safi, kwa hiyo ya kisima yachemshwe. Na usimletee jerikeni za lita 20, nani atamnyanyulia? Za lita 5 zinamtosha.

Hili nalisisitiza: asiwashe jiko la makaa chumbani huku madirisha yamefungwa kwa ajili ya mvua. Ile hewa ya sumu haina harufu, na inaua. Mtungi mdogo wa gesi ni bora. Stima ikipotea, taa ya sola, si mshumaa.

Ukutani mwandikie kwa herufi kubwa namba ya jirani na 1199 ya Msalaba Mwekundu. Paa kalitazame mwenyewe. Wazee wetu hukwambia "halivuji, mwanangu" na sufuria imekingwa pale pale.