Kabla ya blokucheni, andikeni nani anapata asilimia ngapi

Filamu yangu ya kwanza niliuza master (kopi mama) na haki zote kwa msambazaji mmoja, kwa mkupuo. Miezi michache baadaye nikaikuta inaonyeshwa kwenye basi la Mwanza, abiria wanacheka. Mpaka leo sijui ziliuzwa kopi ngapi. Bei niliikubali mwenyewe. Kukosa hesabu ndiko kunakoniuma.

Ndiyo maana blokucheni ilinivutia. Ni daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi, kila malipo yanaonekana na hakuna wa kuyafuta kimyakimya. Juu ya mtandao kama Ethereum, ulioanza 2015, mnaweka programu yenye makubaliano yenu: hela ikiingia, kila mtu anapata fungu lake bila kupitia mfukoni kwa prodyuza.

Kwenye filamu yetu fupi tulikaa watano tukaandika: mimi 35, mpiga picha 20, mhariri 15, waigizaji wawili 15 kila mmoja. Tukayaweka makubaliano hayo kwenye blokucheni kama mkataba wa programu. Kesho yake dada aliyetupamba akauliza, "Na mimi je?" Tulimsahau kabisa, na aina ya mkataba tuliyochagua haibadilishwi. Ikabidi tutengeneze mwingine na kulipa ada upya. Nikatoa 5 kwenye fungu langu, akapewa yeye.

Mtazamaji wa kwanza, Mswahili anayeishi Ujerumani, alitulipa dola 60. Mpiga picha alikuwa Temeke anarekodi harusi. Akanitumia picha ya simu yake: dola 12. Hakuwahi kulipwa bila kuomba.

Kwa hiyo anzeni na karatasi, mtaje kila aliyeshika kazi, msaini wote. Tumieni mtandao wa ada ndogo kama Polygon, maana kwenye Ethereum yenyewe ada inaweza kumeza malipo madogo. Pokeeni sarafu inayofuata dola, mfano USDC, ili thamani isiporomoke usiku. Yale maneno 12 ya siri yanayofungua pochi, yaani programu ya kutunzia sarafu hizo, andika kwa kalamu, usiyapige picha. Na kodi ipo: Sheria ya Fedha ya 2024 ya Tanzania imeweka kodi ya zuio ya 3%, yaani inayokatwa kwenye malipo kabla hayajakufikia, kwenye uhamishaji wa mali za kidijiti.

Ukiahidiwa asilimia kila kopi inapouzwa tena, uliza nani anailazimisha. OpenSea, soko kubwa la kuuziana NFT, yaani kopi za kidijiti zenye mmiliki aliyeandikwa kwenye blokucheni, lilitangaza Agosti 2023 kwamba litaacha kulazimisha. LBRY ya Marekani, iliyojenga mtandao wa video juu ya blokucheni, ilishindwa kesi na SEC, msimamizi wa masoko ya hisa na dhamana wa huko, mwaka 2022, mwaka uliofuata ikatangaza kufunga. Tunza video zako mwenyewe. Blokucheni haizuii mtu kurekodi skrini, hivyo hakimiliki sajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kama kawaida.

Karatasi yetu yenye sahihi sita naiweka kwenye mkoba mmoja na diski ya filamu.