Nimesema nimesamehe, mbona nikimwona moyo unawaka?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mama. Nina rafiki tuliyekuwa tunaomba naye pamoja miaka mingi, nikamwambia siri ya ndoa yangu, yeye akaitoa kwa watu mpaka ikafika kwa wakwe zangu, ndoa ikayumba nusu ivunjike. Baadaye akaniomba msamaha mbele ya viongozi wa kanisa, nikasema nimesamehe, tukakumbatiana. Shida sasa nikisikia tu sauti yake hasira inapanda, usiku najikuta nagombana naye kichwani. Viongozi wanasema kama kweli nimesamehe nirudi kuwa naye kama zamani. Je sijasamehe? Naogopa maana Yesu alisema tusiposamehe na Baba hatatusamehe, naona hata maombi yangu hayafiki.

JIBU: Asifiwe sana binti yangu, na pole, pole kweli. Kuumizwa na mtu mliyepiga naye magoti kuna uchungu wake, Daudi alishalilia hilo kwenye Zaburi ya 55, anasema angekuwa adui angevumilia, kumbe ni rafiki yake, mtu waliyekuwa wanaenda naye nyumbani kwa Mungu.

Kuhusu hasira nataka umwangalie Yusufu. Aliuzwa na ndugu zake akiwa na miaka 17, akapita utumwa na gereza, akainuliwa, akaoa, na mtoto wake wa kwanza akamwita Manase akisema Mungu amemsahaulisha taabu zake zote. Yaani mwenyewe alijua yameisha! Halafu siku moja ndugu zake hao wakatokea mbele yake kutafuta chakula, zaidi ya miaka 20 imepita, na Biblia inasema alisema nao kwa ukali, na aliposikia wanavyoongelea yale waliyomtenda akajitenga akalia. Alilia tena na tena katika habari ile. Sasa hapo utasema Yusufu ni mnafiki, kwamba lile jina la mtoto lilikuwa uongo? Hapana jamani, kidonda kikiguswa kinauma hata kama kilishaanza kupona. Yusufu aliumia lakini hakulipiza, na uwezo wa kulipiza alikuwa nao. Ndo maana hasira ikikupanda usijihukumu haraka, jiulize kwanza je namtakia mabaya? Natafuta nafasi na mimi nimchafue? Kama unaikataa hiyo kila inapokuja basi unasamehe binti yangu, hata kama leo umeikataa mara kumi.

Ila lisemwe lililo kweli, alikukosea. Wengine wanakwambia sahau tu, ni jambo dogo, na hilo mimi silikubali kabisa. Kwenye ule mfano wa Yesu katika Mathayo 18, mtumwa aliyefutiwa deni na mfalme wake alikuwa anamdai mwenzake dinari 100, na dinari moja ilikuwa mshahara wa kibarua wa siku nzima, hiyo ni kazi ya siku mia, si hela ya kuokota. Yesu hakusema lile deni halipo. Alichosema ni kwamba aliyefutiwa talanta 10,000, deni kubwa lisilolipika, hana uso wa kumkaba mwenzake koo. Kwahiyo ukiomba usimfiche Mungu, mtajie deni lote, ametoa siri yangu, amenivunjia heshima ukweni, halafu useme Bwana hili silidai tena, nakuachia wewe. Kesho likirudi kichwani unamwachia tena.

Sasa hao viongozi. Nawaheshimu, lakini hapo wamechanganya msamaha na uaminifu. Msamaha unautoa wewe, uaminifu lazima yeye aujenge, na unachukua muda. Soma 1 Samweli 26, Daudi amemuacha hai mfalme Sauli aliyekuwa anamwinda, wakati angeweza kumuua usingizini, Sauli anasema nimekosa, rudi mwanangu Daudi, sitakudhuru tena. Daudi akasema kijana mmoja aje achukue mkuki wa mfalme, yeye akashika njia yake. Hakurudi ikulu, na hakuna mahali Mungu alimkemea kwa hilo. Hata Yusufu aliwapima kwanza ndugu zake, akaona Yuda yuko tayari kubaki mtumwa badala ya mdogo wao Benyamini, ndo akajifunua kwao.

Kwahiyo msalimie rafiki yako, muombee kwa jina, akipatwa na shida nenda, mkikutana ibadani usikwepe. Ila siri za ndoa yako kaa nazo wewe na mumeo, na viongozi wakikuuliza waambie kwa adabu kwamba nimemsamehe na simdai, ila ukaribu ule wa zamani siuwezi kwa sasa. Kuhusu ile hofu ya kutosamehewa, yule mtumwa wa Mathayo aliombwa hakutaka, akampeleka mwenzake gerezani. Wewe unataka na unalia kwasababu bado inauma, endelea kuomba bila woga, Baba anakusikia.