Jibu: Usifungue roli la nyasi kabla hujamwaga maji

Mkuu, simamisha kwanza hilo lori la mchanga. Umesema unataka kiwanja cha mpira cha watoto kwenye eneo la mita 10 kwa 18 nyuma ya nyumba huko Goba, udongo mwekundu wa kunata, na muuzaji wa nyasi bandia kakwambia usawazishe udongo, umwage mchanga sentimita 5, kisha utandike kama zulia. Halafu unauliza nyasi za urefu gani, wavu wa futi ngapi na taa za wati ngapi. Tuanze na huo mchanga, maana ndio utakaokula hela yako. Yangu ulikula kwa ushauri huohuo, neno kwa neno.

Zulia hutandikwa juu ya sakafu, na wewe sakafu huna. Chembe za mchanga zinalingana ukubwa na zina mviringo, kwa hiyo hazishikani. Watoto wakipiga penalti kila jioni kutoka sehemu moja, mchanga unasukumwa pembeni na panabaki bakuli. Mbele ya goli ni hivyohivyo. Ikija masika, mfinyanzi wa chini unalainika na bakuli linazidi kushuka. Piga hesabu: mvua ya milimita 50 kwenye mita za mraba 180 ni lita 9,000, yaani matangi 9 ya lita 1,000 yamemwagwa uani kwako, na hapo bado maji ya bati. Yote yatakimbilia kwenye bakuli lako. Chengachenga za mpira zinazomwagwa katikati ya nyuzi zitaelea na kukusanyika hapo, utepe wa kiungio, pale vipande viwili vya nyasi vinapokutana, utalala ndani ya maji, gundi itaachia. Kiungio kitaanza kufunguka kidogo tu, upana wa kidole, na hapo ndipo ncha ya kiatu inapojikwaa.

Usijidanganye kwamba utanyanyua nyasi ujaze chini. Roli moja la nyasi la mita 4 kwa 18 ni mita za mraba 72. Ukishamwaga juu yake kilo 20 za mchanga na kilo 6 za chengachenga za mpira kwa kila mita ya mraba, umelibebesha zaidi ya kilo 1,800. Halikunjiki. Itabidi ufagie na kuchota vyote, na mchanga na mpira vikishachanganyika na kulowana kuvitenganisha ni kazi ya kichaa. Viungio utavikata upya, gundi na utepe utanunua upya, halafu ndiyo uanze kuchimba kama ulivyotakiwa kuchimba mwanzo.

Muuzaji analijua hili. Analipwa kwa mita za nyasi, kokoto hauzi yeye, kwa hiyo kila shilingi unayoizika chini anaiona imempita. Akikuonyesha dhamana, isome yote: kwa kawaida inazungumzia nyuzi kupauka au kukatika. Nyasi zikizama kwa sababu ya msingi, utaambiwa msingi ulikuwa wako. Inaniuma sana kuona bado wanawaambia watu maneno yaleyale.

Fanya hivi. Chimba sentimita 15 chini ya usawa unaoutaka. Kwa eneo lako ni mita za ujazo 27, na udongo ukishachimbwa huvimba, kwa hiyo panga kutoa kama 35. Mizizi yote itoke. Shindilia sakafu ya shimo ikiwa na unyevu kidogo, isiwe tope. Tandaza kitambaa cha jiotekstaili, vipande vipandane sentimita 30, ili mfinyanzi usipande kuingia kwenye kokoto.

Jenga kingo za zege pande zote. Upande wa chini acha matundu ya bomba la inchi 2 kila baada ya mita moja na nusu, na nje yake chimba mtaro wa kokoto unaopeleka maji kwenye shimo la kunyonya, yasiende kwa jirani. Maji ya bati yageuzie kwingine kabisa. Soketi za magoli na nguzo za wavu zimwagie zege sasa hivi, usisubiri nyasi ziwe zimelala.

Kisha kokoto za mchanganyiko, kubwa hadi ndogo kabisa, kwa sababu ndogo ndizo zinazoziba mianya na kuzifunga kubwa. Unataka sentimita 12 zilizoshindiliwa, yaani mita za ujazo kama 22. Agiza 28. Mwaga safu ya sentimita 6, nyunyizia maji, pitisha mashine ya sahani ya kushindilia mara nne, ndipo uweke safu nyingine. Fundi akimwaga zote kwa mpigo, juu patakuwa pagumu na chini bado pamelegea, na hutajua mpaka masika. Malizia na vumbi la mawe sentimita 3, nalo ulishindilie. Mteremko ni sentimita 1 kwa kila mita: kwa upana wako, upande mmoja uwe chini ya mwingine kwa sentimita 10. Pima kwa kamba na mpira wa maji, ule wa mafundi wa kupimia usawa, jicho la fundi halitoshi. Mchezaji hatauhisi, ila maji yatauona.

Sasa kanuni yangu, na hii sibadilishi: roli halifunguliwi mpaka msingi umwagiwe maji. Fungua bomba juu ya eneo lote mpaka yaanze kutiririka, funga, subiri nusu saa. Palipotuama, weka alama ya chokaa. Pakikauka, pitisha ile rula ya aluminiamu ya kupigia plasta, ya mita 3, kila upande. Mwanga ukipita chini yake zaidi ya milimita 8, jaza vumbi, nyunyizia, shindilia, kisha mwaga maji tena. Ikibidi mara tatu, fanya mara tatu. Vumbi la mawe ni rahisi, nyasi si rahisi.

Nyasi zenyewe: kwa mpira wa miguu wa nyumbani, milimita 40 hadi 50 zinatosha. Roli huja na upana wa mita 4, na 10 haigawanyiki kwa 4. Ukilaza kwa urefu utanunua mita za mraba 216 na viungio viwili, ukilaza kwa upana utanunua 200 na viungio vinne. Kama kiwanja kinaruhusu, fanya upana uwe 8 au 12. Nyuzi zote zilale upande mmoja, na gundi ipakwe pakiwa pakavu kabisa, si jioni umande ukianza.

Ukishamwaga maji, piga picha palipotuama uweke hapa, kabla hujalipia hata mita moja ya nyasi.