Gramu Mia

Jumatatu asubuhi nimekuta ujumbe wa kijana mmoja wa Mbagala. "Kaka shikamoo. Nimepata kazi, huu ni mwezi wangu wa tatu kazini. Nina laki moja ya mtoko na mchumba wangu Jumamosi, nataka sehemu ya Masaki inayoona bahari. Nielekeze, nisije nikaaibika."

Hilo neno la mwisho limenikaa. Hakuuliza wapi wanachoma samaki vizuri, wala huyo mchumba anapenda kula nini. Kaomba asiaibike. Mdogo wangu, umegonga mlango wenyewe. Aibu ya mgahawani mimi naijua mpaka jina lake, maana ndilo wanaloniita rafiki zangu wa chuo hadi leo: Gramu Mia. Sijawahi kuieleza habari hii kwa watu. Leo naieleza kwa sababu Jumamosi iliyopita kuna jambo limenitokea na mama yangu mzazi, na tangu siku hiyo nalala vizuri.

Ilikuwa 2017. Nilikuwa na miezi minane kazini, ofisa mauzo, nimepanga chumba Sinza, mchana nakula wali maharage kwa mama ntilie. Kulikuwa na dada mmoja wa Upanga tuliyekuwa tunaelewana. Siku yake ya kuzaliwa ilipofika nikaamua kumpeleka mgahawa mmoja huko rasi ya Msasani, siutaji, meza zake zinakaribia kugusa maji. Nilikuwa na laki na ishirini mfukoni. Niliihesabu nyumbani, nikaihesabu kwenye bajaji, nikaihesabu tena chooni pale pale mgahawani.

Menyu ikaja nzito kama albamu ya harusi. Mimi menyu nilikuwa naisoma kutokea kulia, bei kwanza, chakula baadaye. Dada akaniuliza, "Kambakochi wao wakoje?" Nikatupa jicho, nikaona 18,000. Moyo ukatulia. Nikajibu kwa kifua, "Agiza bwana, leo siku yako." Mhudumu akauliza, "Wa ukubwa gani, kaka?" Nikasema, "Mkubwa."

Mkubwa! Sikuuliza mkubwa ni kiasi gani. Ningeuliza, yule mhudumu angenijibu, kwa sababu alisimama pale kidogo, kalamu hewani, kama mtu anayekupa nafasi ya mwisho. Mimi nikamrudishia menyu.

Kambakochi alikuja kwenye sahani ndefu, mwekundu, kapasuliwa katikati, siagi ya kitunguu saumu inachuruzika. Dada alifurahi, na kwa nusu saa nilikuwa mwanaume mwenye hela Dar es Salaam nzima. Kisha bili ikaletwa ndani ya kikasha cha mbao, na pipi mbili juu yake kama pole. Kambakochi, gramu 900, shilingi 162,000. Chini ya ile 18,000 kulikuwa na maandishi ya ukubwa wa sisimizi: kwa gramu 100. Ongeza pizza yangu 22,000, juisi mbili 14,000, maji 4,000. Na chini kabisa ya ukurasa sisimizi wengine: bei hazina VAT. Asilimia 18 ya 202,000 ni 36,360. Jumla 238,360. Hesabu hiyo siwezi kuisahau, niamshe usiku wa manane nitakutajia.

Niliisoma mara nne. Dada akanyoosha mkono, akaisoma yeye. Hakusema kitu. Akatoa simu, akaongezea kilichopungua kwa M-Pesa, akaingiza namba ya siri huku anaangalia bahari. Kwenye bajaji tulinyamaza mpaka kituo cha Morocco, ndipo akasema, "Ungeniambia tu." Sisemi aliniacha kwa ajili ya kambakochi. Nasema hakupokea simu zangu wiki mbili, na ya tatu nikaacha kupiga. Sasa ana mume na watoto, Mungu ambariki. Ila kuna rafiki yake alisimuliwa, rafiki yake akamsimulia mwenzetu mmoja wa kundi letu la chuo, na siku iliyofuata nilipoandika "habari za asubuhi" kwenye kundi, jibu la kwanza lilikuwa, "Salama, Gramu Mia."

Baada ya hapo kwa karibu miaka miwili nilikula tu mahali ninapoona sufuria.

Usinionee huruma, kwa sababu huko ndiko nilikojifunza kula. Jiji hili lina watu zaidi ya milioni 5 kwa sensa ya 2022, na wengi wao hawajawahi kushika menyu ya ngozi, lakini wanakula vizuri kuliko wewe unavyofikiri. Nilikuwa nikipanda mwendokasi mpaka Kivukoni asubuhi ya Jumamosi, natembea hatua chache hadi soko la samaki la Feri, nanunua changu au kibua anayeng'aa macho, nawapelekea wakaangaji pale pale wananikaangia. Samaki unamchagua mwenyewe, unamgeuza, unamkataa, unapatana bei. Nikitoka hapo natafuta chai ya maziwa na kababu mitaa ya Kisutu, kwenye vile vibanda vya zamani vya Wahindi ambako mzee wa kaunta hakuangalii usoni, anaangalia chenji. Jioni kuku wa kuchoma Mamboz, ile kona ya Morogoro na Libya, unakaa kwenye kiti cha plastiki njiani, moshi unakuingia kwenye shati na ukifika nyumbani jirani anajua ulikuwa wapi. Jumapili, mihogo ya ufukwe wa Coco. Muhogo wa kukaanga uliopasuliwa, chumvi, pilipili, ndimu, kachumbari juu. Bahari ni ile ile ya wenye kambakochi, na hakuna anayekutoza kwa kuiangalia.

Mahali pote hapo niliuliza bei. "Mama, sahani shilingi ngapi? Na nikiongeza ndizi? Na nusu?" Hakuna aliyenicheka hata siku moja. Sasa mimi huyo huyo, nikipewa kiti chenye mto na glasi yenye mguu, ulimi unakuwa mzito. Kwa nini? Nimekaa nalo swali hili miaka.

Kilichonirudisha kwenye migahawa ya menyu ni Wahabeshi. Mwenzangu mmoja wa kazini alinivuta tukala injera, sinia moja watu wanne, kila mtu anamega upande wake kwa mkono, mchuzi mwekundu wa kuku na yai zima la kuchemsha katikati. Hakuna uma wala kisu. Mimi niliyekulia kwenye ugali nilijiona nimefika kwetu, na kwa mara ya kwanza nikaisoma menyu kutokea kushoto. Nikauliza kila kitu: hiki ni nini, hiki kina pilipili kiasi gani, hiki kinatosha watu wangapi, hiki bei yake pamoja na kodi au bila. Dada wa pale alinijibu mpaka akavuta kiti akakaa.

Basi ushauri wangu ndio huo, mdogo wangu, na mwingine sina mwingi: uliza. Uliza bei kabla hujaagiza, siyo baada. Kitu chochote cha baharini uliza kama bei ni ya kipande, ya kilo au ya gramu mia, halafu uliza huyu aliyepo jikoni leo ana uzito gani. Uliza kama VAT imo. Uliza kama wanaongeza chaji ya huduma. Uliza maji ni ya chupa kubwa au ndogo. Ukimaliza kuuliza, uliza tena. Mhudumu mmoja wa Mikocheni tuliyezoeana aliniambia wateja wanaouliza bei ndio wanaolipa bila kelele. Wanaompa presha ni wale wanaosema "lete tu".

Halafu nenda kwanza peke yako. Huyo mchumba wako unampeleka Jumamosi usiku. Wewe nenda Alhamisi mchana, kunywa soda moja, soma menyu yote mpaka sisimizi wa chini, angalia meza ipi haipigwi na feni, choo kiko wapi. Soda itakugharimu elfu chache. Mimi kutokwenda kulinigharimu jina.

Na kuku, hata Masaki, analiwa kwa mkono. Nimewaona Wazungu wakimla kwa mkono huku Mswahili wa meza ya pili anahangaika na kisu mpaka paja linarukia kwa jirani.

Hapa niseme na vijana wenzangu kidogo, mniwie radhi. Tunakula kwa macho ya watu. Sahani inafika, inapigwa picha dakika kumi, inageuzwa, glasi inasogezwa, mwenzako anaambiwa atoe mkono, kuku kapoa, chipsi zimelegea, halafu unaandika "tunakula bata". Bata gani? Mshahara laki nne, sahani elfu hamsini, kesho yake unaomba nauli kwenye kundi la familia. Na wale tunaowaringishia wamelala. Nimefanya ujinga huo, najua unavyouma tarehe 19 ya mwezi. Kama huna uwezo wa kumwuliza mhudumu bei mbele ya mchumba wako, utamwambiaje siku ada ya mtoto itakapopungua? Anza na samaki. Mwanamke anayekudharau kwa kuuliza bei ya samaki amekusaidia mapema, na anayecheka mkahesabu wote, huyo mshike. Wa kwangu wa sasa, tulipokutana mara ya kwanza, ndiye aliyeuliza bei kabla yangu. Nikajua.

Nimetoka nje ya njia. Turudi kwa mama.

Mama yangu yuko Makambako, analima na kuuza viazi tangu sijazaliwa. Alikuja Dar kwenye harusi ya binti wa shangazi, akabaki wiki moja kwangu. Jumamosi nikamwambia, mama vaa, tunakwenda kula. Nikampeleka pale pale. Meza zile zile, bahari ile ile, rangi ya ukuta tu imebadilika. Mwenyewe nilijiambia nimechagua kwa sababu ya upepo.

Mhudumu, binti mdogo, alipomwona mama akiwa na khanga yake begani akaacha ile "karibuni sana" ya mafunzo, akapiga goti kidogo. "Shikamoo mama." Mama akaitikia, akamuuliza kwao wapi. Mafinga. Basi, wakawa ndugu, nikasahaulika mimi na menyu yangu.

Mama hakufungua menyu. Akauliza, "Samaki mnao?" Wapo, changu wa leo. "Mnauza vipi?" Kwa kilo, mama, elfu sitini. "Basi nileteeni nimwone, na mizani mje nayo."

Niliinamisha kichwa. Naapa niliinamisha kichwa, mimi ninayewashauri. Meza ya pembeni waligeuka. Binti wa Mafinga akaenda, akarudi na changu kwenye sinia la bati na mizani ndogo ya jikoni chini ya kwapa. Mama akafunua shavu la samaki kwa kidole gumba, akaangalia wekundu wake, akambonyeza tumbo, akamweka mwenyewe juu ya mizani, akasubiri namba itulie. Gramu 650. "Elfu thelathini na tisa," akasema kabla binti hajatoa simu kupiga hesabu. "Na kodi?" Imo, mama. "Haya, mchomeni. Msimkaushe."

Miaka hiyo yote nilidhani nilipoaibika pale ni kwa sababu ya umaskini wa kwetu. Na kwetu ndiko anakotoka mwanamke huyu, ambaye madalali wa lumbesa, yale magunia ya kujazwa kupita kiasi, wamejaribu kumzidi kwenye uzito kila msimu, na kila msimu amesimama juu ya gunia lake na kusema hapana, tupime. Hiyo elimu nilikuwa nayo nyumbani. Niliiacha stendi ya Ubungo nilipoteremka na begi langu.

Samaki alikuja vizuri. Mama alisali kwa sauti, ya Kibena, ndefu, mpaka nikaona siagi inaganda. Akala kichwa kwanza. Kisha akachukua chipsi moja kwenye sahani yangu, akaipasua katikati kwa kucha, akaitazama ndani. "Hivi ni viazi vya kwetu hivi." Akauliza sahani ile bei gani. Elfu kumi. Akahesabu vipande kwa macho. "Hapa vimeingia vitatu. Labda vitatu na nusu." Akanyamaza, akatafuna. "Mimi gunia nimeuza elfu hamsini. Sahani tano." Akacheka mpaka akafuta machozi na khanga, sijui kama yote yalikuwa ya kicheko.

Bili, kwa faida ya kijana wa Mbagala: samaki 39,000, chipsi 10,000, kuku wangu 24,000, juisi mbili 16,000, maji 3,000. Jumla 92,000, kodi ndani. Nilikuwa na wekundu wa Msimbazi kumi. Niliziweka zote kwenye kile kikasha cha mbao, elfu nane iliyobaki ya binti wa Mafinga. Kwa hiyo laki yako inatosha, mdogo wangu, watu wawili, bahari mbele yenu. Kambakochi mwacheni aogelee.

Tulipoinuka mama akasema mifupa na mkia wafungashe, ni vya paka wa jirani yangu, wameshazoeana. Risiti niliiacha mezani. Akarudi kuichukua, akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la khanga. Nikamuuliza ya nini. Anakwenda nayo Makambako, wenzake wa vikoba waione ile mistari miwili, viazi na bei yake.