Yoga kwa kina mama wa mwani: nipange vipi darasa lisilomwacha mtu nje?

Swali

Asalaam aleikum. Mimi ni mwalimu wa yoga, nafundisha wageni katika hoteli moja ya ufukweni huku Jambiani, Zanzibar. Kina mama wa kijijini huniuliza kwa nini mazoezi haya ni ya wageni peke yao, na sasa wapo kumi na wawili walio tayari kuanza. Wengi wanalima mwani na wanalalamikia mgongo. Wawili wana presha, mmoja ana mimba ya miezi sita, mmoja ni kiziwi, na mmoja yumo kwenye kiti cha magurudumu tangu alipopata ajali ya pikipiki. Miguu yake haina hisia. Mimi nilifundishwa mfuatano wa kusimama, kuinama na kulala chini. Niubadilishe vipi ili hawa watano nao wapate mahali? Isitoshe, kuna wazee wanaosema yoga ni ibada ya Kihindu. Na hoteli imeahidi kutupa mikeka ya mpira bure, ila inataka ipige picha za darasa. Nishauri.

Jibu

Waaleikum salaam, mwalimu. Nianze na maneno yako mwenyewe: "ili hawa watano nao wapate mahali." Hapo ndipo pa kurekebisha kwanza. Mfuatano ulionao ulipangwa kwa mwili mwepesi wa mtu aliye likizoni, na sasa unawatafutia hawa pembe ya kukaa ndani yake. Ukifundisha hivyo, yule wa kiti cha magurudumu atamaliza saa nzima akiwatazama wenzake, huku yeye akifanya kipande tu cha zoezi. Atakuja mara mbili, ya tatu atasema ana shughuli. Lipange darasa zima kuanzia kwake, kisha umpe nyongeza mwenye uwezo wa nyongeza.

Maana yake ni kwamba wiki za mwanzo wote kumi na wawili waanzie kwenye viti. Usiiite yoga ya wagonjwa, kwa sababu siyo. Mwalimu wa yoga B.K.S. Iyengar, aliyezaliwa India mwaka 1918 na kuupitisha utoto wake kwenye malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu, ndiye aliyeeneza matumizi ya viti, mikanda, kamba na vipande vya mbao katika yoga ya leo, na wanafunzi wake wenye nguvu zao walivitumia vilevile. Kina mama wako nao hawatashangaa. Majumbani mwao wanawaona wazee wakiswali kwenye kiti kwa sababu ya magoti, na swala yao ni swala kamili.

Chagua viti kwa makini. Vile vya plastiki vya kukodisha hupanuka miguu kwenye sakafu ya vigae na mtu akaenda chini. Kama ndivyo ulivyo navyo, pachika viwili viwili, kimoja ndani ya kingine, na egemeza migongo yake ukutani. Viti vya mbao vya skuli, visivyo na mikono, ni bora zaidi. Mama mfupi ambaye nyayo zake hazifiki chini muwekee matofali mawili yaliyofunikwa kanga. Usimwache aning'inize miguu, kiuno kitauma.

Sasa mgongo. Fikiria kazi yao: maji yakitoka wanainama humo kwa saa kadhaa, wanafunga mwani kwenye kamba, kisha wanabeba magunia mazito hadi pwani, na wakirudi wanakaa chini miguu imenyooka kufunga mbegu mpya. Siku nzima mgongo umekunjwa kwa mbele. Halafu waje kwako uwaambie wainame waguse vidole! Huo mfuatano wako umejaa kuinama, na kwao hao ni kuwarudisha kazini. Wanachohitaji ni kufungua kifua, kuamsha misuli ya nyuma, na kupumzisha nyonga.

Zoezi la kwanza ningelifanya hivi. Mama anakaa mbele kidogo ya kiti, nyayo zimetua, magoti yameachana kwa upana wa nyonga. Viganja juu ya mapaja. Akivuta pumzi, anavuta viganja kidogo kuelekea tumboni bila kuviondoa kwenye paja, na kifua kinasogea mbele na juu, mabega yanateremka. Akitoa pumzi, analegea mpaka katikati tu, hapindi mgongo. Mara sita, polepole. Yule wa kiti cha magurudumu analifanya hilohilo kwa tofauti tatu: breki zimefungwa, makalio yamerudi hadi nyuma kabisa ya kiti, na miguu imepangwa juu ya vikanyagio. Asikae ukingoni, kwa sababu asiyehisi miguu anaweza asijue kwamba anateleza. Akipenda, kanga ipitishwe kifuani na kufungwa nyuma ya kiti chake ili mikono iwe huru.

La pili, wanaosimama wanashika mgongo wa kiti kilichoegemea ukuta na kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mikono inyooke na kiwiliwili kiwe sambamba na sakafu, magoti yakiwa yamelegea. Mama wa kiti cha magurudumu anasukuma meza au ukuta kwa viganja na kurefusha mbavu. Mjamzito anapanua miguu ili tumbo lipate nafasi. Mnafanya kitu kimoja, kwa wakati mmoja, na ukisema "refusha mgongo" unawaambia wote.

Wenye presha kichwa kisishuke chini ya moyo na kisikae huko, wala mtu yeyote asibane pumzi. Waulize wote pia kuhusu presha ya macho (glakoma). Walimu wengi hawaulizi kabisa, na ugonjwa huo ni mwingi miongoni mwetu Waafrika. Utafiti uliochapishwa 2015 ulipima macho ya watu katika mikao ya kichwa chini, ukiwemo ule wa viganja na nyayo chini na makalio juu, na presha ya jicho ilipanda ndani ya dakika moja, kwa wagonjwa na kwa wazima. Mwenye ugonjwa huo, au ambaye hajawahi kupimwa na mzazi wake alipofuka uzeeni, mpe mikao ya kukaa.

Mjamzito wa miezi sita asilazwe chali kwa muda mrefu, maana kizazi kinagandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Wakati wa kupumzika alale ubavu wa kushoto, na kanga iliyokunjwa iwe kati ya magoti. Mwambie apate ruhusa ya kliniki kwanza, na akiona damu, maji, kizunguzungu au mtoto kupunguza kucheza, aache na aende hospitali bila kungoja mwisho wa darasa.

Kwa mama asiyehisi miguu yapo mawili. Vidonda vya mgandamizo humwanza kimyakimya, kwa hiyo kila baada ya dakika kumi na tano hivi ajinyanyue kwa mikono au aegemee upande mmoja kisha wa pili. Lifanye liwe zoezi la wote, ni zuri kwa mabega. La pili ni la hatari: muulize alivunjika sehemu gani ya uti wa mgongo. Kama ni shingoni au usawa wa sehemu ya juu ya kifua, presha yake inaweza kuruka ghafla kwa sababu ndogo kama mpira wa mkojo uliojikunja. Ukiona kichwa kinamgonga, uso umeiva na jasho linamtoka, usimlaze. Abaki wima, legeza nguo, angalia mpira, na apelekwe hospitali upesi.

Kiziwi anahitaji mwanga, na anahitaji uonyeshe kwanza ndipo wafanye. Ukizungumza huku ukifanya, atachagua kukutazama au kufanya, hawezi vyote. Mweke mahali anapokuona wewe na mwenzake mmoja. Usizime taa wala kufunga madirisha wakati wa kupumzika, na kubaliana naye mapema ishara ya kumaliza: kugonga sakafu kwa kiganja karibu naye au kuwasha na kuzima taa. Jifunze kwake alama za mambo unayoyarudia kila siku: vuta pumzi, toa, pumzika, inauma? Ukiwafundisha wote alama hizo, na ukazitumia badala ya sauti katika nusu ya darasa, utashangaa jinsi watu wanavyotulia.

Kuhusu kumgusa mtu ili kumrekebisha, ushauri wangu ni usiguse kabisa mwezi wa kwanza. Hotelini mgeni akiulizwa "nikushike?" anaweza kusema hapana bila tabu. Kwetu mwalimu ni mwalimu, na mama mwenye heshima zake atakujibu "haya" hata kama hataki. Ruhusa ya namna hiyo si ruhusa. Baadaye, mkizoeana, mpe kila mmoja kauri aiweke mbele yake: mgongo juu, niguse, tumbo juu, usiniguse. Anaigeuza wakati wowote bila kusema neno wala kumwangalia mtu. Usiwalazimishe kufumba macho, usifunge mlango kwa komeo, usipite nyuma yao kimyakimya. Huhitaji kujua nani amepitia nini nyumbani, wala usiulize. Fundisha wote kana kwamba yupo aliyeumizwa.

Hilo si la kukisia. Mwaka 2014 nchini Marekani, daktari wa magonjwa ya akili Bessel van der Kolk na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanawake 64 waliokuwa na majeraha ya nafsi ya muda mrefu yaliyokuwa yamekataa kupona. Baada ya wiki 10 za yoga iliyofundishwa kwa hiari namna hii, 16 kati ya 31 hawakuhesabika tena kuwa na ugonjwa huo. Kwa waliopewa elimu ya afya tu walikuwa 6 kati ya 29.

Ratiba yako iandikwe na bahari. Wakati wa bamvua maji yanatoka kabisa asubuhi, mnamo saa tatu hadi saa tano, na huo ndio muda wao wa shambani; ukiweka darasa hapo umewafungia mlango wanaolima na kuwaacha wasiolima. Siku za maji mafu, bahari isipotoka sana, asubuhi zao huwa na nafasi. Siku za bamvua fundisha baada ya alasiri, kwa muda mfupi, mazoezi ya kupumzisha zaidi, maana wamechoka. Ramadhani waulize wenyewe. Na kabla ya yote pita wewe mwenyewe njia ya kutoka barabarani mpaka ukumbini ukisukuma kiti cha magurudumu kitupu. Mchanga wa Jambiani utakufundisha kuliko mimi.

Sasa dini. Usiwafiche wazee kitu. Waambie wazi kwamba yoga ilizaliwa India, ndani ya mila za Wahindu, Wabuddha na Wajaini, na kwamba kwa mamilioni ya watu bado ni sehemu ya ibada. Kuwaambia kwamba "ni mazoezi tu, haina asili" ni kuwakosea wazee wako na Wahindi pia, na siku watakapojua ukweli watakuona mdanganyifu. Kisha waeleze darasa lako lina nini: viti, pumzi, mgongo, hakuna kuimba maneno matakatifu ya dini nyingine, hakuna sanamu, hakuna kusujudia chochote. Swali hili Waislamu wenzetu wamelijadili kwa kina. Mwaka 2009 Baraza la Maulamaa la Indonesia lilikataza yoga yenye ibada na nyimbo za Kihindu, likaruhusu ile ya mazoezi ya mwili pekee. Saudi Arabia, kwa juhudi za mwalimu wa yoga wa huko, Nouf Almarwaai, iliikubali yoga kama shughuli ya michezo Novemba 2017. Nenda kwa sheha na kwa imamu mkiwa pamoja na wawili watatu kati ya kina mama, waalike wake zao waje kutazama, na atakayeamua kutokuja usimfuate nyumbani kumshawishi.

Limebaki la hoteli. Mikeka ya bure kwa sharti la picha si ya bure. Wanaoilipia ni kina mama kwa sura zao. Darasa ni la wanawake peke yao, wengine watavua mitandio kwa joto, na mmoja yumo kwenye kiti cha magurudumu, ambaye najua kamera itamtafuta kabla ya wote. Mbele ya meneja anayewapa kazi watoto wao, nani atasema hapana? Lisiamuliwe na wewe wala hoteli. Likalieni kikao bila meneja, na akikataa mmoja tu, jibu liwe hapana kwa wote, ili asijulikane aliyekataa.

Kisha peleka ombi jingine: viti kumi na viwili vya mbao na mbao ndefu za kulaza juu ya mchanga, bila sharti, kwa maandishi. Wakikataa hata hayo, anzeni na viti vya skuli, na kwa kupumzika tumieni mikeka ya ukili iliyomo majumbani. Iwe ya kulalia tu. Usimruhusu mtu asimame juu yake, inateleza sana kwenye saruji.